Mche duara, pia na tufe: hesabu ya tangi la Mzee, lumbesa na lulu za Dubai

Kipindi cha wiki hii kilianza na tangi la maji la Tanga kikaishia chini ya bahari ya Dubai. Katikati tulipita sokoni, tukaangalia dari za nyumba za zamani, tukashika lulu. Waliosikiliza mpaka mwisho wameandika wakisema neno moja: hesabu ni tamu, lakini namba hazikai masikioni, tuwekeeni kwa maandishi. Haya, hizi hapa. Chukua kalamu, au fungua kikokotoo cha simu, twende taratibu.

Najua wengine mtasema, jamani, hesabu za darasani tena? Tumeshamaliza shule. Lakini sikilizeni. Sisi tuliozaliwa au kukulia huku Ghuba, kila mwezi kuna kitu tunatuma nyumbani. Mara bati, mara saruji, mara kisima, mara tangi. Hela inatoka Deira, kazi inafanyika Tanga, Mombasa, Unguja au Bukavu, na anayesimamia ni Mzee, au shangazi, au binamu mwenye shughuli zake. Fundi anataja namba, sisi tunatuma. Sasa vitu vya mviringo vina tabia moja mbaya: vinadanganya macho. Ukiangalia tangi la duara, huwezi kujua kwa macho tu kama lina lita elfu kumi au elfu ishirini. Na hapo ndipo hela inapopotelea, wala si lazima awepo mwizi.

Majina kwanza

Wengi wetu tulijifunza maumbo haya kwa Kiingereza au kwa Kiarabu. Wazazi waliosoma shule ya msingi Tanzania waliyasoma kwa Kiswahili, na majina yao ni mazuri mno, yanafaa kurudishwa mezani.

Kitu kama kopo, bomba au ngoma ya mafuta kinaitwa mche duara. Juu duara, chini duara, ubavuni sawasawa. Kitu kama kofia ya sherehe ya mtoto kinaitwa pia. Ndiyo, pia, ile ile ya kuchezea, inayozungushwa kwa kamba mpaka inasinzia. Aliyechagua jina hilo aliwatazama watoto wakicheza uwanjani. Na kitu cha mviringo pande zote, kama mpira au chungwa, kinaitwa tufe.

Halafu vipimo vyake. Kipenyo ni mstari unaokata duara katikati kutoka ukingo hadi ukingo. Nusu kipenyo ni kutoka katikati hadi ukingo. Mzingo ni urefu wa kuzunguka duara lote. Kimo ni kwenda juu. Ujazo ni nafasi iliyomo ndani, yaani maji, mchele au mafuta yanayoweza kukaa humo. Na pai ni ile namba 3.14 tunayoikuta kila duara linapotajwa: ukigawa mzingo kwa kipenyo, duara lolote duniani, kuanzia kisahani hadi kiwanja cha mpira, jibu ni hilo hilo.

Mwulize mama yako leo mche duara ni nini. Usishangae akikujibu haraka kuliko wewe.

Moja, mbili, tatu

Kanuni ya mche duara ni nyepesi. Tafuta eneo la kitako, zidisha kwa kimo. Eneo la kitako ni pai mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo. Basi. Ni kama kupanga chapati: chapati moja ina eneo lake, ukizipanga moja juu ya nyingine unapata mnara, na ujazo wa mnara ni eneo la chapati moja mara urefu wa mnara.

Pia yenye kitako na kimo sawa na mche duara huo ina theluthi moja tu ya ujazo wake. Huamini? Kunja karatasi ngumu upate pia inayolingana na kopo, mdomo kwa mdomo na kimo kwa kimo. Ijaze mchele, mimina kwenye kopo. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kopo limejaa. Watoto wanaipenda sana kazi hii, mjiandae tu kufagia.

Tufe ndilo lililowasumbua wakubwa. Archimedes, yule Mgiriki wa Syracuse aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba tufe linalogusa kopo lake juu, chini na pembeni linachukua theluthi mbili za kopo hilo. Alilipenda jibu hili hata akataka tufe na mche duara vichorwe kwenye kaburi lake, na miaka zaidi ya mia moja baadaye Cicero, Mrumi, alilikuta kaburi likiwa limefunikwa na miiba akalitambua kwa mchoro huo. Baadaye kazi hiyo ilikuja upande wetu wa dunia. Katika karne ya 9 ndugu watatu wa Baghdad, Banu Musa, waliandika kitabu cha kupima maumbo bapa na ya tufe. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, akakokotoa ujazo wa umbo lililo gumu zaidi, lile linalofanana na yai lililokatwa.

Kwa hiyo kumbuka hivi: pia moja, tufe mbili, mche duara tatu. Vyote vikiwa na upana mmoja na kimo kimoja, ujazo wao unakwenda 1, 2, 3. Ukisahau kanuni zote, hii ibaki.

Tangi la Mzee

Sasa swali lililozaa kipindi. Msikilizaji mmoja wa Sharjah alituandikia hivi: baba yake amestaafu, amerudi Tanga, anajenga tangi la duara la kuvuna maji ya mvua. Fundi amesema litakuwa la lita elfu ishirini. Binti ametuma hela ya lita elfu ishirini. Vipimo alivyotajiwa ni kipenyo mita mbili na nusu, kimo mita tatu. Je, ndiyo elfu ishirini?

Tupige. Kipenyo 2.5, nusu yake 1.25. Mara yenyewe ni 1.5625. Mara 3.14, mara kimo 3, tunapata mita za ujazo 14.7. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Kwa hiyo ni lita 14,700. Tayari elfu tano na ushee hazipo.

Lakini ngoja. Hiyo mita mbili na nusu imepimwa nje au ndani? Tukauliza, jibu likarudi: nje. Na ukuta una unene wa sentimita 15. Hapo wengi hukosea kwa kutoa 15, wakati ukuta upo pande mbili, kwa hiyo unatoa 30. Kipenyo cha ndani ni mita 2.2, nusu yake 1.1. Hesabu inakuwa 1.21 mara 3.14 mara 3, sawa na lita 11,400.

Bado. Tangi halijai mpaka kwenye mfuniko. Kuna bomba la kumwagia maji ya ziada, nalo limewekwa sentimita 30 chini ya ukingo. Maji yakifika hapo yanatoka. Kimo cha maji basi ni mita 2.7, si 3. Jibu la mwisho: lita 10,260.

Elfu ishirini imekuwa elfu kumi, na huenda fundi hakukusudia ubaya wowote. Amekadiria kwa jicho, kama tunavyokadiria sote.

Nusu hiyo ina maana gani kwa Mzee? Nyumba ina watu sita. Wakitumia ndoo kumi za lita 20 kwa siku, ni lita 200. Tangi la lita 10,260 litawafikisha siku 51. La lita 20,000 lingewafikisha siku 100. Pwani ya Tanga mvua za vuli huisha kuelekea Desemba, na masika husubiriwa hadi Machi. Januari, Februari na nusu ya Machi ni kama siku 75. Tangi moja linavuka kiangazi, jingine linakauka Februari, na Mzee anaanza kununua maji ya mkokoteni kila asubuhi. Nani atatuma hela ya mkokoteni? Wewe.

Habari njema ni kwamba tangi lilikuwa bado ni msingi tu. Tukatafuta kipenyo kinachofaa. Kwa maji ya kimo cha mita 2.7, kipenyo cha ndani cha mita 3.1 kinatoa 1.55 mara 1.55 mara 3.14 mara 2.7, yaani lita 20,370. Angalia vizuri: kutoka mita 2.2 hadi 3.1 ni sentimita 90 tu. Lakini maji yamekuwa maradufu. Ukuta je? Mzingo wake ulioongezeka unadai matofali zaidi kwa asilimia 38 hivi. Kitako na mfuniko navyo vinapanuka, kwa hiyo si bure, lakini kila lita moja imekuwa nafuu.

Sababu ni kwamba nusu kipenyo kinajizidisha chenyewe, kimo hakijizidishi. Ukiongeza kimo mara mbili, maji mara mbili. Ukiongeza kipenyo mara mbili, maji mara nne. Ndiyo maana sinia moja la biriani la sentimita 45 lina chakula kingi kuliko masinia mawili ya sentimita 30, kina kikiwa sawa. Piga mwenyewe uone.

Na mvua itatosha kujaza? Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja kamili. Bati la mita za mraba 100 linahitaji milimita 200 za mvua kukusanya lita 20,000, na uongeze kidogo kwa ajili ya yale yanayomwagika na yale ya kwanza yanayosafisha vumbi la paa.

Kama tangi limeshajengwa na huwezi kupima kipenyo, mwambie aliye nyumbani azungushe kamba nje ya tangi, aipime, agawe kwa 3.14. Kamba ya mita 7.85 inakupa kipenyo cha mita 2.5. Toa ukuta mara mbili. Picha ya WhatsApp ya kamba ina ukweli zaidi kuliko picha ya tangi.

Jambo moja zaidi kwa wanaonunua maji ya boza. Tangi la gari limelala, na mche duara uliolala una ujanja wake. Likiwa na maji hadi nusu ya kimo, ni nusu kweli. Likiwa hadi robo ya kimo, usidhani ni robo. Ni chini kidogo ya asilimia 20, kwa sababu chini ni kwembamba. Anayekuuzia "robo ya boza" kwa kupima na fimbo anakupunja moja ya tano ya haki yako, hata kama fimbo haisemi uongo.

Kibaba cha tele na kofia ya lumbesa

Haba na haba hujaza kibaba, tumeambiwa tangu utotoni. Lakini kibaba kipi? Wazee wa pwani walikuwa na viwili. Kibaba cha mfuto kilipanguswa juu kwa mkono au kijiti, kikawa sawasawa na ukingo. Kibaba cha tele kilijazwa hadi kikafanya kichuguu. Vibaba vinne vilikuwa pishi moja, na katika biashara ilikuwa lazima mkubaliane kwanza: tele au mfuto?

Kichuguu hicho ni pia. Chukua kopo lenye kipenyo cha sentimita 10 na kimo 10. Ujazo wake wa mfuto ni sentimita za ujazo 785. Nafaka ikirundikwa hutengeneza mteremko wake yenyewe, na kwa upana huu kichuguu hufika kama sentimita 3. Pia yake ni theluthi ya 3.14 mara 25 mara 3, yaani 78.5. Moja ya kumi kamili. Ukinunua tele kumi, umepata mfuto kumi na moja.

Sasa mwuzaji mjanja au mnunuzi mjanja anabadili kopo. Chukua kopo pana, kipenyo 14 na kimo 5.1. Mfuto wake ni ule ule, 785. Lakini kichuguu juu ya mdomo mpana, kwa mteremko ule ule, kinafika sentimita 4.2, na pia yake ni 215. Hapo nyongeza ni zaidi ya robo! Makopo mawili yanayoshika maji sawa, lakini tele zake haziko sawa hata kidogo. Ukienda sokoni na wanapima kwa tele, penda kopo pana. Ukiwa wewe ndiye muuzaji, penda jembamba.

Hesabu hiyo hiyo inawaliza wakulima wa Tanzania mpaka leo, ila wao wanaiita lumbesa. Gunia la viazi au vitunguu linajazwa, kisha juu yake inashonewa kofia, mzigo unavimba kama kichwa. Mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo umekuwa ukipambana na lumbesa kwa miaka, na sheria inataka mazao yauzwe kwa uzito, lakini barabarani bado utayaona magunia yenye vichwa.

Kofia hiyo inabeba kiasi gani? Tuseme gunia ni mche duara wa kipenyo sentimita 50 na kimo mita moja. Ni lita 196. Kofia tuichukulie ni nusu tufe ya upana huo huo. Nusu tufe ni theluthi mbili za 3.14 mara 25 mara 25 mara 25, kama lita 33. Yaani moja ya sita ya gunia. Kila mkulima akipakia magunia sita ya lumbesa, gunia la saba limeondoka bila kulipwa. Na wengi wetu tuna babu au mjomba anayelima vitunguu au viazi. Ukimpigia simu, mpe namba hiyo, si maneno ya "wanakuibia" tu. Namba ina uzito mbele ya dalali.

Boriti juu ya vichwa vyetu

Tukirudi huku. Ukitembea Al Fahidi au Al Shindagha, kando ya Khor Dubai, ingia nyumba yoyote ya zamani uangalie dari. Zile fito nene zilizopangwa ni boriti za mikoko, na mikoko hiyo ilitoka kwetu: Lamu, Rufiji. Majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi yakiwa na tende, yakarudi na kusi yakiwa na boriti. Mwaka 1939 baharia mwandishi Alan Villiers alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililopakia boriti katika delta ya Rufiji, na aliandika kazi hiyo ilivyokuwa ngumu. Huku Ghuba, ukubwa wa jahazi lenyewe ulitajwa kwa idadi ya vifurushi vya tende linavyoweza kubeba. Vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Kwa hiyo ukubwa wa sebule ya tajiri wa Dubai uliamuliwa na mti wa Rufiji.

Boriti ziliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Je, korija moja ni mbao kiasi gani? Boriti si mche duara safi, inanenepa shinani na kukonda nchani. Tuseme ina mita 4, shina sentimita 14, ncha sentimita 10. Njia ya haraka ni kupima katikati, sentimita 12, na kuichukulia kama mche duara: mita za ujazo 0.0452. Njia ndefu, inayozingatia kukonda kwake, inatoa 0.0457. Tofauti haifiki hata asilimia moja. Ndiyo maana wapimaji wa magogo duniani wanapima katikati tu na kuendelea na kazi. Korija nzima ni kama mita za ujazo 0.9, na hapo unaelewa kwa nini jahazi moja lilihitaji mamia ya korija, na mgongo wa mtu aliyezibeba matopeni ulikuwaje.

Lulu na waliozizamia

Kabla ya mafuta, Dubai iliishi kwa lulu. Mfanyabiashara wa lulu alikuwa na vyungio vya shaba vya matundu tofauti, anamwaga lulu, ndogo zinapita, kubwa zinabaki. Kwa nini alijali sana milimita moja au mbili?

Kwa sababu tufe linajizidisha mara tatu. Ujazo wake ni pai mara nusu kipenyo mara yenyewe mara yenyewe tena, kisha mara nne, gawa kwa tatu. Lulu ya milimita 4 ina ujazo wa milimita za ujazo 33.5. Lulu ya milimita 8 ina 268. Kipenyo mara mbili, uzito mara nane. Na bei haikufuata uzito peke yake. Wafanyabiashara wa Ghuba na Bombay walitumia kipimo kiitwacho chau, kinachokwenda kwa mraba wa uzito. Mara nane ikijizidisha ni 64. Kwa hiyo lulu moja ya milimita 8, ikiwa na umbo na mng'ao ule ule, ilikuwa na chau 64 za ile ya milimita 4. Tofauti ambayo macho yanaiona kama punje na punje, kwenye daftari ilikuwa utajiri na madeni.

Na ni nani aliyekuwa chini ya maji? Miongoni mwa wapiga mbizi wa Ghuba, katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, walikuwemo watu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, wengi wao walioletwa kama watumwa, na watoto wao. Walizama kwa pumzi moja, na jiwe mguuni, kutwa nzima ya kiangazi. Mzamiaji mtumwa aliokota lulu, fungu lake likachukuliwa na bwana wake. Miaka ya 1930 biashara ilianguka, lulu za kufugwa za Japani zilipoingia sokoni wakati dunia nzima imebanwa kiuchumi. Majina ya watu hao hayamo kwenye chau zozote. Sisi tunaoishi huku kwa Kiswahili hatukuwa wa kwanza kufika, na ni vizuri tulijue hilo tunapopita mbele ya makumbusho.

Kuba tatu chini ya bahari

Mwaka 1966 mafuta yalipatikana baharini, eneo la Fateh, na mwaka 1969 meli ya kwanza ikapakia. Tatizo lilikuwa wapi pa kuyaweka mafuta yakisubiri meli. Jibu la wahandisi wa kampuni ya Chicago Bridge & Iron lilikuwa matangi makubwa ya chuma, Khazzan Dubai, matatu, yaliyozamishwa kati ya 1969 na 1972. Yaliundwa ufukweni Jumeirah, na watu wakapaita Chicago Beach. Hapo ndipo baadaye zilipoota Jumeirah Beach Hotel na Burj Al Arab.

Kila tangi ni kama bakuli lililofudikizwa, lina shingo juu inayotokeza majini. Upana wa chini ni mita 82, kimo chote na shingo ni kama mita 62. Na halina kitako! Liko wazi chini. Mafuta ni mepesi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo yanaelea ndani ya kuba. Yakiingia, yanasukuma maji kutoka chini. Yakipakuliwa, maji yanarudi. Tangi halikai tupu hata siku moja, kwa hiyo bahari haipati nafasi ya kuliponda.

Kila moja lilitajwa kuwa la mapipa 500,000. Pipa la mafuta ni lita 159, kwa hiyo ni kama mita za ujazo 79,500. Tuhakiki kwa hesabu yetu. Kama kuba lingekuwa nusu tufe ya nusu kipenyo mita 41, ujazo ungekuwa theluthi mbili za 3.14 mara 41 mara 41 mara 41, yaani kama 144,000. Ni nyingi mno. Basi kuba lazima liwe bapa zaidi ya nusu mpira. Kipande cha tufe kina kanuni yake: zidisha nusu upana wa chini kwa yenyewe, mara tatu, ongeza kimo mara kimo, zidisha jumla kwa kimo, mara pai, gawa kwa sita. Ukiweka kimo cha mita 26 na nusu unapata kama 79,700. Kwa hiyo, tukilichukulia kama kipande cha tufe safi, kuba la kina cha mita 26 hivi linatosha mapipa yote, na sehemu kubwa ya kimo kinachobaki ni shingo ya kufikia juu ya mawimbi.

Tangi moja la Khazzan lingejaza matangi karibu 4,000 ya Mzee wa Tanga. Lakini kanuni ni ile ile, pai ni ile ile, na kosa la kupima nje badala ya ndani lina ubaya ule ule.

Kabla hujatuma

Kwa hiyo, mwezi huu ukiambiwa "tangi la lita kadhaa", usibishane, uliza tu mambo manne. Kipenyo ni cha ndani au cha nje? Ukuta una unene gani? Bomba la kumwagia liko wapi? Na kimo kimepimwa kutoka sakafu ya ndani au kutoka ardhini? Ukishapata majibu manne, hesabu ni dakika mbili. Uliza kwa adabu, kwa sababu Mzee ndiye aliye kwenye jua na fundi ndiye jirani yake, wewe uko mbali kwenye kiyoyozi. Sema "Shikamoo baba, naomba unisaidie vipimo niviandike", kisha viandike kweli. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na ukiwa na mtoto nyumbani, mpe kopo, karatasi na mchele. Mwambie hii ni pia, hii ni mche duara, hili chungwa ni tufe. Akimaliza kumimina mara tatu, mpigieni bibi simu ya video, mtoto amweleze yeye mwenyewe kwa Kiswahili. Vipimo vya matangi yenu tutumieni kama kawaida. Wiki ijayo tutasoma vile vilivyotushangaza.